Mwizi Aliyemwita Baba

Fundi Mizani hakuwa mtu wa hasira. Kazi yake yenyewe haimvumilii mwenye hasira. Miaka yote alikuwa akitengeneza mizani: za madukani, za zahanati zinazopimia watoto wachanga, na zile kubwa za maghalani ambazo gunia zima hupanda juu yake. Ungemkuta amepiga magoti, sikio karibu na chuma, anasogeza kiskrubu kwa ncha ya bisibisi, ukadhani anasikiliza kifua cha mgonjwa. Mkono ukitetemeka kidogo tu, mwenye duka anamwibia mteja au mteja anamwibia mwenye duka, na Fundi hakupenda wizi wa namna yoyote, hata wa gramu tano.

Gari lake lilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Rangi yake iliwahi kuwa ya samawati. Mlango wa nyuma wa kushoto haukufunguka kwa nje, na kioo cha dereva kilipanda kwa kusaidiwa na kiganja. Lakini injini ilikuwa nzima, na buti lilikuwa refu kiasi cha mtu kulala akanyoosha miguu. Springi za nyuma alizitia majani mawili ya chuma ya ziada kwa sababu ndani ya buti ndimo alimobeba mawe yake ya mizani, kumi na mawili, kila moja kilo ishirini, yote yamepigwa muhuri. Bila mawe yale hawezi kusema mizani ya mtu ni kweli au ni uongo. Na bila gari, nani atayabeba? Mgongo wake ulikuwa na miaka sitini na mitatu.

Mkewe aliitwa Shangazi, na mtaa mzima. Wanawake wa rika lake waliitwa mama fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza. Yeye na mumewe hawakujaliwa. Basi majirani, kwa kuona haya kumwita jina lake tupu, walikubaliana bila kikao kumwita Shangazi, na mumewe akabaki Fundi. Walishazoea. Walikuwa wameacha kulizungumza jambo hilo, si kwa kukasirikiana, ila kwa sababu yote yalikwisha kusemwa.

Asubuhi moja Shangazi alitoka uani na beseni la nguo, akaona gari limeegeshwa karibu mno na kamba ya kuanikia, na mtu ameinama kwenye kiti cha dereva. Akajua ni mumewe.

"Hebu lisogeze hilo gari," akasema. "Mashuka yataokota vumbi."

Mtu akatoka, akasema, "Samahani, mama," kwa adabu kabisa, akafungua geti, akaenda zake. Shangazi alishaanika shuka la pili ndipo akili ikamrudia. Mumewe hawezi kumwita mama. Tena mumewe alikuwa ndani, anapiga mswaki.

Walikuta kifuniko cha plastiki cha chini ya usukani kimeng'olewa, na tundu la ufunguo limechokorwa na bisibisi.

Fundi alikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu aliuliza aina ya gari na mwaka wake, akaandika, kisha akaweka kalamu chini, akacheka mpaka akafuta macho.

"Mzee, huyo hakuwa mwizi. Alikuwa anatafuta pa kukaa."

Akapita kwenye ofisi ya bima. Karani, binti mwenye kucha ndefu, alimweleza bila kuinua macho kwamba gari la umri ule wanalikatia bima ya kugonga, si ya kuibwa.

"Kwa nini?"

"Halina thamani tena, mzee."

"Kama halina thamani, yule aliyeingia uani kwangu asubuhi alifuata nini?"

Karani akaita mteja anayefuata. Mtaani nako jirani mmoja alikuwa na kauli yake, aliirudia kila alipomwona: "Fundi, usihangaike. Mwizi akilichukua hilo atalirudisha jioni, na atakuomba nauli." Watu walicheka. Fundi naye alicheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hakucheka.

Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa Cheche. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa umeme wa magari, na jina hilo alipewa na wateja, kwa kazi au kwa ulimi, hakuna aliyejua. Alilala chali chini ya usukani wa Fundi, tochi mdomoni, akatoka akijifuta mikono.

"Wanaokucheka hawajui kitu," alisema. "Gari jipya lina akili. Ufunguo wake unazungumza na injini, usipokuwa wenyewe injini haiwaki. Hili lako ni gari jema mno, halimkatai mtu. Ufunguo wowote uliochakaa linaitika, bisibisi linaitika. Halafu vipuri vyake havitengenezwi tena. Likikatwakatwa, kila kipande kina mtu anayekisubiri. Mwizi anayejua kazi hachukui jipya, anachukua hili."

"Sasa nifanyeje?"

Cheche alimpa nondo ya kufunga usukani, yenye kufuli lake. Kisha akakata waya wa pampu ya mafuta, akaupitisha kwenye swichi ndogo, akaificha chini ya zulia, mahali kisigino cha kushoto cha dereva kinapopumzika. Ukiigusa kwa kisigino, umeme wa pampu unakatika; ukiigusa tena, unarudi. Mtu anaweza kuwasha gari na kwenda, lakini ni kwa mafuta yaliyobaki kwenye bomba tu. Yakiisha, gari linazima, na hata likitiwa baraka haliwaki.

"Usimwonyeshe mtu," Cheche akasema. "Hata mkeo."

"Mke wangu nimwonyeshe."

"Haya, mkeo mwonyeshe. Na kadi ya gari usiiache kwenye dashibodi. Weka nyumbani."

Swichi Fundi aliizoea kwa siku mbili. Kadi aliiacha palepale ilipokuwa, kwenye kijisanduku cha dashibodi, kwa sababu askari wa barabarani huiomba, na kwa sababu mtu hawezi kubadilisha mambo yote kwa wakati mmoja. Nondo ndiyo iliyomkera. Kila aliposimama alilazimika kuivuta chini ya kiti, kuipachika, kuifunga, kutia ufunguo mfukoni. Maduka manane kwa siku, mara nane. "Tazama," alimwambia mkewe, "mimi sijaiba kitu, lakini anayetembea na pingu ni mimi."

*

Ilikuwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Fundi aliitwa na duka la nafaka ambalo hakuwahi kulihudumia. Mwenye duka alikuwa safarini, alikuwapo msaidizi aliyeajiriwa wiki ileile. Mizani ilikuwa chumba cha nyuma. Fundi akavua koti lenye pochi na simu, akalitundika kwenye msumari, akabaki na ovaroli. Akaanza kubeba mawe mawili mawili. Alipofika la nane jasho lilimtoka, na nondo ya usukani bado ilikuwa kwenye kiti cha abiria. Alijiambia ataipachika akirudi kuchukua mawe yaliyobaki. Swichi aliigusa, kwa mazoea.

Mizani ilikuwa imelala upande. Akainama kuitazama kidogo tu, na kidogo ikawa robo saa.

Alipotoka, gari halikuwapo. Palibaki alama ya mafuta ambayo injini yake ilizoea kudondosha. Alisimama akiitazama alama ile kama mjinga. Halafu akasikia honi, nyingi, kule chini kwenye njia panda, hatua mia tatu hivi. Akakimbia.

Gari lake lilikuwa katikati ya njia panda, na watu watano walikuwa wakilisukuma. Wamekunja mikono ya mashati, wanahesabu "moja, mbili, tatu!" Kwenye usukani alikuwa jamaa wa miaka kama thelathini, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa, anawashukuru kupitia dirishani: "Asanteni sana, ndugu zangu. Mungu awabariki." Pembeni askari wa barabarani, mwanamke mwenye filimbi, alikuwa akiyapanga magari mengine yapite.

"Mwizi!" Fundi alipiga kelele. "Hilo gari langu! Mkamateni, huyo mwizi!"

Watu wakageuka. Waliona mzee mwenye ovaroli la grisi, kichwa wazi, anahema, povu kwenye kona za mdomo. Wakamtazama yule wa shati jeupe.

Na yule wa shati jeupe hakukimbia. Alishuka taratibu, akaweka mkono kifuani, uso umejaa huzuni, akaenda kumpokea Fundi kwa mikono miwili.

"Baba," alisema. "Baba, umetoka tena nyumbani bila kumwambia mtu?"

Fundi alijivuta nyuma.

"Samahanini sana, jamani," yule mtu akawaambia watu, kwa sauti ya chini, ile ya kuzungumzia wagonjwa. "Ni mzee wangu. Baba yangu mzazi. Kumbukumbu zimemtupa mkono, mwaka wa tatu sasa. Gari tulimzuia kuliendesha, ndiyo maana akiliona anafikiri limeibwa." Akataja majina ya Fundi, yote matatu, kama yalivyo kwenye kadi ya gari. "Si ndiyo, baba? Si ndilo jina lako?"

"Ndilo," Fundi akasema, na papo hapo akajua amekosea kujibu.

"Masikini," mtu mmoja akasema.

Kuitwa baba barabarani ni adabu tu, kila mwenye mvi huitwa hivyo na haimdhuru. Lakini *baba yangu mzazi*, mbele ya watu, mkono begani, na macho yenye machozi ya kweli! Damu ilimpanda Fundi hadi masikioni. Alimsukuma yule mtu kifuani.

"Mimi si baba yako! Sikujui! Nimekuona leo!"

"Ndivyo anavyosema kila siku," mwizi akasema, akijifuta jicho.

Muuza makava ya simu, kijana mnene aliyeacha meza yake kuja kusukuma, alimshika Fundi mkono kwa upole. Mwingine akamshika wa pili. "Tulia, mzee. Hakuna mtu wa kukudhuru. Uko na mwanao."

"Niachieni!"

"Tulia, baba."

Na kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyomshika kwa huruma zaidi. Alitoa ufunguo mfukoni, ufunguo wa gari, halisi, akauinua juu. Mwizi akashusha pumzi: "Alhamdulillahi. Tumeutafuta huo wiki nzima, alikuwa ameuficha." Fundi akawaambia waende kwenye duka la nafaka, wakaulize, yuko kazini pale. Mwizi akatikisa kichwa. Alikwisha kuona sanduku la vifaa na mawe kwenye buti. "Alikuwa fundi mzuri sana wa mizani. Sasa anaingia kwenye maduka ya watu, anafungua mizani zao, hata hawajamwita. Tumeshalipia tatu." Kila ushahidi uligeuzwa kuwa dalili ya ugonjwa. Fundi alihisi kama mtu anayepiga mbizi na kila akiinua kichwa mtu anakirudisha majini, tena kwa upole, tena kwa kumwonea huruma.

Afande, yule mwenye filimbi, alikuwa amefika. Alikuwa mwanamke mfupi, jua limemchoma uso, hana papara. "Kadi ya gari?"

Mwizi akaichukua kwenye dashibodi, akampa. "Ni jina la mzee, afande, kama nilivyosema."

"Mzee, una kitambulisho?"

"Kiko kwenye koti. Koti liko dukani."

Watu wakatazamana. Muuza makava akasema, "Afande, mruhusu kijana ampeleke mzee nyumbani, jua hili litamwangusha."

Hapo ndipo Fundi alipopata akili. Aliacha kuvutana. Akasimama wima, akashusha mabega, kama anavyofanya sindano ya mizani ikicheza na ni lazima aisubiri itulie. "Afande," akasema, sasa kwa sauti ya kawaida, "mwambie awashe gari."

"Limeharibika, afande, ndiyo maana tunasukuma."

"Halijaharibika. Mimi nitaliwasha."

Afande alifikiri kidogo, akawapa ishara wamwachie. Fundi akaketi kwenye gari lake. Kisigino cha kushoto kikagusa zulia. Akazungusha ufunguo, pampu ikanguruma, injini ikaitika. Akaizima, akachomoa ufunguo, akashuka. Alidhani yamekwisha.

Mwizi alipiga makofi. Alipiga makofi! "Mnaona? Mikono bado inakumbuka. Ni kichwa tu." Na watu, wallahi, watu wazima wenye akili zao, wakatikisa vichwa kwa kukubali. Mwanamke mmoja akasema hata babu yake alikuwa hivyo, alisahau watoto wote lakini redio alijua kuitengeneza.

Fundi alitamani kulia. Hakulia. Afande naye hakutikisa kichwa. Alikuwa akimtazama mwizi.

"Mama yuko wapi?" akamuuliza.

"Mama?"

"Mama yako. Mke wa mzee huyu."

"Alishatutoka, afande. Mwaka wa tatu. Ndipo haya yote yalipoanza."

"Muongo!" Fundi akasema. "Mke wangu yuko nyumbani! Ameniandalia chai leo asubuhi! Umemwua mke wangu mdomoni mwako, mshenzi wewe? Afande, nipigie namba hii."

"Afande, atakupa namba ya marehemu. Kila siku anampigia."

Lakini Fundi alishaanza kuitaja, tarakimu kwa tarakimu, bila kusita hata moja, na afande alishatoa simu. Mwizi akarudi nyuma hatua moja. Afande, bila kumwangalia, akamshika mkanda wa suruali kwa mkono wa kushoto. Simu akaiweka sauti ya nje, ili watu wote wasikie, na jambo likome.

Iliita mara nne.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya Shangazi, na nyuma yake maji yakimiminika bombani.

"Habari, mama. Mimi ni askari wa barabarani. Usishtuke."

"Amepata ajali?"

"Hapana, mama, mzima. Ninaye hapa, na mwanenu. Nataka tu kuhakikisha..."

"Mwanetu yupi?"

"Kijana wenu. Anasema mzee ni baba yake mzazi."

Maji yalifungwa.

"Afande, mimi sina mtoto," Shangazi alisema.

"Pengine ni wa mzee, mama. Wa nje..."

"Mume wangu hana mtoto, wa ndani wala wa nje. Sisi hatukujaliwa. Miaka thelathini na minne." Kisha akauliza: "Kuna watu hapo? Nasikia watu. Umeniweka sauti ya nje?"

Afande akawatazama watu.

"Basi wasikie vizuri. Sina mtoto. Nirudie?"

"Hapana, mama," afande akasema. "Inatosha. Samahani."

*

Walimgeukia mwizi kama upepo unavyogeuka. Mikono ileile iliyokuwa ikisukuma gari, ileile iliyomshika Fundi kwa huruma, sasa ilikunjwa ngumi. Mtu mmoja alishaokota jiwe. Muuza makava alikuwa wa mbele, mishipa imemsimama shingoni, anaita, "Kumbe ametuchezea akili! Leo atatutambua!"

Fundi akajitia kati yao na mwizi.

"Mtu asimguse!" alipiga kelele. "Mnataka kumpiga kwa nini? Kwa kuniibia mimi? Dakika tano zilizopita mlikuwa mnamsaidia! Mimi nimewaambia mara ngapi? Nimewaonyesha ufunguo, nimeliwasha gari mbele ya macho yenu. Hamkuniamini kwa sababu ovaroli langu lina grisi na shati lake limepigwa pasi. Mmekosea mara moja leo. Msikosee ya pili. Rudini kwenye kazi zenu!"

Jiwe likaanguka chini. Afande alimtia mwizi pingu, akaita gari la kituo kwa redio. Mwizi alikuwa amejivua ule uso wa huzuni kama mtu anavyovua kofia. Alipata nafasi ya kuangalia viatu vyake visichafuke. Hakumtazama Fundi tena hata mara moja.

Watu wakatawanyika. Hakuna aliyeomba radhi, ila muuza makava alirudi akijikuna kisogo.

"Mzee, sisi tulidhani tunasaidia."

"Mlikuwa mnasaidia," Fundi akamjibu. "Ndilo linaloniudhi."

Alirudi dukani, akamaliza mizani, kwa sababu mizani iliyofunguliwa haiachwi wazi. Ilimchukua muda maradufu. Alirudia kila kipimo mara mbili.

Nyumbani alimkuta Shangazi amekaa kwenye kiti cha jikoni, sufuria nusu zimeoshwa, nusu bado. Hakuwa amelia. Fundi alikuwa ameyapanga maneno ya kumfariji njiani kote, akakuta hayana pa kuingia.

"Walikuwa wangapi waliosikia?" Shangazi akamuuliza.

"Wengi."

"Ishirini?"

"Zaidi."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Miaka yote hii mama mkwe alinyamaza, dada zangu walinyamaza, mtaa mzima ulinibunia jina ili wasilitaje. Leo mimi mwenyewe nimelitangaza kwenye njia panda. Kwa ajili ya gari!"

"Si kwa ajili ya gari."

"Najua si kwa ajili ya gari!" Akasimama, akashika sufuria, akaanza kuisugua kama inayomdai. "Na wewe! Cheche alikwambia kadi uilete nyumbani. Alikwambia au hakukwambia? Angelijuaje jina lako? Angekuitaje baba bila jina? Ulimpa mwenyewe, kwenye dashibodi, kama unamkaribisha!"

Fundi alipokea yote, kwa kuwa yote yalikuwa kweli. Kisha akachukua kitambaa, akaanza kukausha vyombo mkewe alivyokuwa akiviosha, mpaka vilipokwisha.

*

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, mzee mmoja alibisha geti. Alikuwa mrefu, amevaa suti ya zamani, vidole vyake vina makovu ya msumeno. Alisema yeye ni seremala, alistaafu, na ametoka mbali. Alipoketi akaweka mikono juu ya magoti.

"Mimi ndiye baba yake," alisema.

Fundi alikuwa na hotuba. Aliitengeneza usiku na mchana tangu siku ile, ina mwanzo na ina mwisho. Alipomwona yule seremala anatafuta pa kutupa macho, nusu ya hotuba ikayeyuka.

"Kumbe ana baba," akasema tu. "Sasa mimi alinihitaji wa nini?"

Seremala alisema wakubwa wa kituo wamemwambia mlalamikaji akiiondoa kesi, mambo yanaweza kumalizwa kifamilia. Alisema neno hilo, kifamilia, akalisikia mwenyewe likitoka, akafumba macho.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. "Mama yake yupo hai?"

"Yupo."

"Anajua mwanawe alisema amekufa?"

"Hajui. Nimeshindwa kumwambia."

"Usimwambie." Akamimina chai, akamsogezea kikombe. "Lakini ujue alitutoa roho wawili kwa neno moja, yeye na mimi. Yeye hajasikia. Mimi nimesikia, na mtaa mzima umesikia. Hilo mtalimaliza kifamilia vipi?"

Seremala alikunywa chai yote, kwa adabu ya mtu anayejua hakustahili kupewa. Fundi alimsindikiza hadi getini. "Wewe sina ugomvi nawe," alimwambia. "Ila kesi siiondoi."

"Hata mimi nisingeiondoa," seremala akasema. "Nilimwahidi mama yake nitakuja kuomba. Nimeomba."

Kesi ilikwenda. Afande wa filimbi alikuja akatoa ushahidi wake kwa maneno machache. Wengine watatu walijitokeza, wazee wote, wote na magari ya zamani. Mmoja alikuwa ameitwa mjomba na mwizi huyohuyo, mbele ya nyumba yake, na majirani wakamsaidia mwizi kusukuma. Hakuwahi kumwambia mtu, alisema, kwa aibu. Kulisikia hilo kulimpandisha Fundi hasira upya, kuliko hata la kwake.

Mwizi alipewa miaka minne. Fundi alitoka nje, akamkuta Shangazi kwenye benchi la korido, mkoba mapajani. Hakutaka kuingia.

"Wamekuuliza nini?"

"Jina, kazi, gari. Halafu hakimu akaniuliza kama nina uhusiano wowote na mshitakiwa."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana."

"Ulisema kwa sauti?"

"Mara mbili. Karani alidai hakusikia ya kwanza."

Shangazi alisimama, akaweka mkoba begani.

"Ungesema na ya tatu," akasema.